Kutoka Kilatini moja kwa moja: shajara ya kamusi ya mtandaoni

6 Januari 2024: Nani ataitumia

Kamusi za Kilatini mtandaoni zipo, tena nzuri. Words, programu aliyoiandika William Whitaker, kanali mstaafu wa jeshi la anga la Marekani, huchambua karibu neno lolote utakaloipa. Mradi wa Perseus wa Chuo Kikuu cha Tufts nao unakupa kamusi nzima ya Lewis na Short bila malipo. Shida ni kwamba zote mbili zinajibu kwa Kiingereza. Mseminari wa Songea anatoka Kilatini, anapita Kiingereza, ndipo anafika Kiswahili. Mwanafunzi wa latin-philo, mchepuo wa sekondari wa Kilatini na falsafa, kule Bukavu au Lubumbashi anapita Kifaransa. Kila kivuko kinatoza ushuru wake.

Ninatengeneza kamusi ya Kilatini kwa Kiswahili. Ninawalenga hao wawili, pamoja na wanafunzi wa sheria wanaokutana na *res judicata* na *locus standi* ndani ya hukumu, na wale wa kilimo na misitu wanaokariri majina ya mimea. Sishindani na kamusi kubwa. Ile ya Munich, Thesaurus Linguae Latinae, ilianza kuandaliwa 1894 na bado haijakamilika, nami nafanya kazi hii usiku baada ya ajira.

Hatua ya kwanza ni maneno 1,000. Orodha naitoa Dickinson College ya Marekani, ambako walikusanya maneno yanayojitokeza zaidi katika Kilatini. Kwa hesabu yao, elfu hiyo moja inabeba kama asilimia 70 ya maneno utakayoyakuta katika matini ya kawaida. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hiyo ni neema tosha.

14 Januari 2024: Leseni kabla ya msimbo

Lewis na Short ni ya 1879, na haki zake za kunakili zilishakwisha. Lakini matini yake ya kidijiti iliyoandaliwa na Perseus ina leseni ya Creative Commons aina ya BY-SA: tumia, badili, ila utaje chanzo na kazi yako uitoe kwa leseni hiyohiyo. Orodha ya Dickinson ni vivyo hivyo. Data ya Whitaker iko huru. Kwa hiyo kamusi yangu nzima ni BY-SA, na hilo limeandikwa kwenye faili la kwanza la mradi kabla ya mstari wowote wa programu. Oxford Latin Dictionary, iliyotoka kwa mafungu kati ya 1968 na 1982, inaizidi Lewis na Short kwa mengi, ila haki zake ziko hai, hivyo haiguswi hata kwa kuchungulia.

Nimeletewa pia jedwali la Excel lenye maneno elfu kadhaa na maana zake kwa Kiswahili, halina jina la mwandishi wala asili. Nimelirudisha. Jedwali lisilo na mwenyewe leo, mwenyewe hutokea siku kamusi ikijulikana.

Gharama hadi sasa: jina la tovuti, shilingi 25,000 kwa mwaka.

11 Februari 2024: Mtambo wa kutafsiri, na mwisho wake

Wazo lilikuwa jepesi. Chukua maana fupi za Kiingereza kutoka Lewis na Short, zipitishe kwenye mtambo wa kutafsiri, kisha mtu apitie na kusahihisha. Nililipia huduma shilingi 48,000, na maneno 3,000 yakarudi kabla chai haijapoa.

Haya ndiyo yaliyorudi. *Cortex*, gome la mti, limekuwa "kubweka". *Sura*, shavu la mguu, limekuwa "ndama", na *vitulus*, ambaye ndiye ndama hasa, naye ni "ndama". *Grus*, yule ndege korongo, ni "kreni". *Ver* na *fons* yote mawili ni "chemchemi", ingawa la kwanza ni majira ya mwaka. *Levis*, kwa maana ya -epesi, imekuwa "mwanga". Kilatini hakina hatia hapa hata kidogo. Ni maneno ya Kiingereza yenye maana mbilimbili, na mtambo umeokota isiyohusika.

Hata hivyo makosa ya namna hiyo yanaonekana, na mhariri yeyote atayafuta. Yaliyonitisha ni yale yasiyoonekana. *Avunculus* na *patruus* yamerudi yote "mjomba". *Amita* na *matertera* yote "shangazi". Ukisoma upesi huoni kasoro, maana ni Kiswahili safi. Lakini *avunculus* ni kaka wa mama, mjomba wetu yuleyule, na *patruus* ni ndugu wa baba: baba mkubwa au baba mdogo. *Amita* ni shangazi, *matertera* ni mama mkubwa au mama mdogo. Mrumi aliwatenganisha watu hawa wanne kama tunavyowatenganisha sisi. Kiingereza kinawakunja wawili wawili, na wakishakunjwa hakuna mtambo wa kuwakunjua.

Maneno ya wakati yalipata ajali hiyohiyo. *Perendie*, ambalo kwetu ni keshokutwa tu, lilirudi "siku baada ya kesho". *Nudius tertius*, yaani juzi, lilirudi sentensi nzima. Na *hora tertia*, ambayo maelezo ya Kiingereza hulazimika kuigeuza kwa saa yao, ilirudi "saa 9 asubuhi". Warumi walianza kuhesabu saa za mchana jua likichomoza. *Hora tertia* ni saa tatu asubuhi, *hora sexta* saa sita mchana, *hora nona* saa tisa alasiri. Mswahili hahitaji kubadili chochote, na mtambo ulikuwa umembadilishia kwa nguvu.

Faili lote la mashine limefutwa. Kila kitomeo, yaani neno pamoja na maelezo yake, sasa kinaandikwa kwa mkono kutoka Kilatini, na Lewis na Short inatumika kuthibitisha matumizi. Kasi imeshuka hadi vitomeo kama 15 kwa jioni yenye umeme. Atakayefuata njia hii ajue kwamba shilingi 48,000 hazirudi, na asizitoe.

10 Machi 2024: Alama juu ya herufi

Kanuni ya kwanza ya utafutaji ilikuwa ya kawaida: tenganisha herufi na alama zake kwa utaratibu uitwao NFD wa Yunikodi (mfumo wa kompyuta unaoipa kila herufi nambari yake), tupa alama, linganisha kilichobaki. *Dominus*, *Dóminus* na *dŏmĭnus* yakawa neno moja. Majaribio yote yalipita, kwa kuwa mwandishi wa majaribio ndiye mwandishi wa programu.

Kisha wakaja watu. Mseminari mmoja alinakili *sǽcula* kutoka kitabu cha liturujia, na kamusi ikamjibu kuwa hakuna neno hilo. Mwanafunzi wa Bukavu akaandika *pœna*, naye hakupata kitu. Vitabu vya liturujia huweka alama ya mkazo ili msomaji asikosee kutamka, na huandika ae kwa herufi moja iliyounganishwa. Machapisho ya Kifaransa huunganisha pia oe. NFD huigawa *ǽ* kuwa *æ* na mkazo wake. Mkazo unatupwa, *æ* inabaki palepale. Kwa Yunikodi *æ* na *œ* ni herufi kamili, si mbili zilizoshikana, kwa hiyo NFD haitazigawa, wala ndugu yake NFKD, wala ile swichi ya kuondoa alama ya SQLite, programu ya hifadhidata niliyoitumia. Nilipoteza muda mrefu nikidhani tatizo liko kwenye hifadhidata. Tiba ni mistari miwili: ukishatupa alama, badili mwenyewe *æ* kuwa ae na *œ* kuwa oe.

Lango hilo lilipofunguka yakaingia mengine. Lewis na Short huandika *jam* na *ejus*, vitabu vingi vya leo huandika *iam* na *eius*, na wapo wanaoandika *uinum* kwa *vinum*. Ufunguo wa utafutaji sasa hugeuza kila j kuwa i na kila v kuwa u, upande wa kamusi na upande wa mtumiaji. Yeye haoni ufunguo huo. Anaona kidahizo, yaani neno linaloongoza kitomeo, chenye herufi zake za kawaida.

Tahajia za zama za kati zilikuwa ngumu zaidi: *michi* kwa *mihi*, *sylva* kwa *silva*, *nuncius* kwa *nuntius*. Nilijaribu kanuni ya jumla ya kugeuza kila ci kuwa ti, na papo hapo *vicia*, mmea wa jamii ya kunde, ukawa *vitia*, makosa. Kanuni imeondolewa. Tahajia hizo zimo katika orodha iliyoandikwa moja moja, na kila mara mtumiaji akituma neno lililokosekana, orodha inarefuka.

28 Aprili 2024: Neno zima kwanza

Kilatini hubadili viishio, na mwanafunzi hatafuti *rex*, mfalme, anatafuta *regibus* kwa sababu ndivyo lilivyo kitabuni. Njia mbili zipo. Ya kwanza ni kuzalisha maumbo yote ya kila neno na kuyahifadhi. Ya pili, aliyoitumia Whitaker, ni kuhifadhi mashina na jedwali la viishio, halafu kuyaunganisha neno linapoulizwa. Nilianza na ya kwanza. Kitenzi kimoja cha kawaida kina maumbo zaidi ya mia, na vivumishi vinavyotokana nacho vina viishio vyao tena. Hifadhidata ikavimba kupita megabaiti 60 kabla sijafika mbali. Nikahamia ya pili, na data yote sasa haizidi megabaiti 2.

Viambishi vinavyong'ang'ania mwisho wa neno ndivyo vilivyonichelewesha. Kilatini hubandika *-que* kwa maana ya "na", *-ne* kwa swali, *-ve* kwa "au". Programu ilikuwa inavikata kwanza, kisha inatafuta kilichobaki. *Denique*, "hatimaye", likakatwa kuwa *deni* na *que*, na kwa bahati mbaya *deni* ni neno halali: kumi kumi. Mtumiaji akasoma "na kumi kumi". *Ratione*, ambalo ni umbo tu la *ratio*, likawa *ratio* lenye swali mkiani. *Sive* likawa "kama au".

Sasa mpangilio umegeuzwa: tafuta neno zima kwanza, likipatikana lionyeshe, na mkato uje baada yake kwa maandishi madogo, ikiwa upo. Vimeongezwa *mecum*, *tecum*, *nobiscum* na *vobiscum* kwa mkono. Ilikuwa aibu kamusi ya waseminari kukosa neno la "Bwana awe nanyi".

Mpangilio wa majibu nao ulileta kichekesho. *Est* ni "ni", kutoka *sum*, lakini pia ni "anakula", kutoka *edo*, na kwa mfuatano wa alfabeti *edo* iko mbele. Methali ya *homo homini lupus est* ikatoka neno kwa neno: mtu, kwa mtu, mbwamwitu, anakula. Mwanafunzi aliyeipokea aliona imekaa sawa kabisa na hakulalamika. Data ya Whitaker ina herufi zinazoonyesha neno hutumika kwa wingi kiasi gani, nami nimezitumia kupanga majibu. Kula kumeshuka chini.

Maumbo yaliyofupishwa, kama *amasse* badala ya *amavisse* na *nosti* badala ya *novisti*, yamepata kanuni yake. Vitenzi visivyofuata utaratibu (*sum, possum, fero, volo, nolo, malo, eo, fio, edo*) vina majedwali ya mkono.

9 Juni 2024: Rosa, rosae au rosa, rosam?

Nilidhani majedwali ya viishio hayana siasa. Nomino ya Kilatini ina maumbo sita makuu, kulingana na kazi yake katika sentensi, na majina yake nimeyaacha kama wanavyoyasema wanafunzi wenyewe, kwa tahajia yetu: nominativu, vokativu, akusativu, genitivu, dativu, ablativu. Majina ya kitaalamu ya Kiswahili yapo, lakini mwanafunzi aliyeyasikia darasani ni nadra, na kamusi si mahali pa kumfundisha istilahi mbili kwa mpigo.

Kumbe ugomvi uko kwenye mfuatano. Vitabu vya shule vya Uingereza na vya Ufaransa huweka akusativu karibu na nominativu: *rosa, rosa, rosam*. Vya Kiitaliano na Kijerumani huanza nominativu, genitivu, dativu. Kwa hiyo seminari iliyoanzishwa na wamisionari Wajerumani au Waitaliano inaweza kukariri kwa wimbo mmoja, na shule ya Lubumbashi kwa wimbo mwingine. Mtu aliyekariri kwa wimbo hasomi jedwali, anaimba. Ukimbadilishia mfuatano anapotea kabisa.

Padri mzee aliyenifundisha zamani, ambaye sasa anapitia vitomeo vyangu, aliandika: "Mwanangu, jedwali lako nimelisoma mara mbili nikadhani nimeanza kusahau." Nikamjibu kwa tumsifu Yesu Kristo na kitufe kipya. Mtumiaji anachagua mfuatano mara moja, kivinjari kinakumbuka.

25 Agosti 2024: Kwenye simu, bila bando

Wajaribu karibu wote wanatumia simu, na bweni nyingi za seminari hazina mtandao wa uhakika. Seva niliyokuwa nakodi kwa shilingi 15,000 kwa mwezi nimeiacha baada ya miezi sita. Kwa kuwa data ni megabaiti 2, kivinjari huipakua mara moja na kuihifadhi, uchambuzi wote unafanyika ndani ya simu kwa JavaScript, lugha ya programu inayoendeshwa na kivinjari, na mafaili yamewekwa kwenye huduma isiyotoza kwa tovuti ndogo.

Angalizo kwa atakayenakili: simu yenye nafasi finyu hufuta data iliyohifadhiwa na kivinjari bila kuuliza. Wapo walioamka wakakuta kamusi tupu. Nimeweka kitufe cha kuishusha upya, na maneno 1,000 ya msingi nimeyafungia ndani ya ukurasa wenyewe ili yabaki hata mengine yakifutwa.

13 Oktoba 2024: Misemo ya sheria

Tangu sheria ilipobadilishwa 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama Tanzania, misemo hii imepata uzito mpya: hukumu inaandikwa Kiswahili, lakini Kilatini kimebaki ndani yake. Kuisoma neno kwa neno hakusaidii. *Habeas corpus* inatoka "uwe na mwili", *obiter dictum* "njiani, kilichosemwa". Nimetengeneza jedwali la misemo 300 linalotafutwa kabla ya maneno mojamoja. Kila msemo una mistari miwili: maana halisi ya maneno, kisha maana ya kisheria. *Locus standi*: mahali pa kusimama, haki ya mtu kusikilizwa na mahakama katika shauri. *Ultra vires*: kupita nguvu, nje ya mamlaka.

Mstari wa pili umeandikwa na mhitimu wa sheria kwa shilingi 500 kwa msemo. Nilijaribu kuuandika mwenyewe, naye akaurudisha ukiwa mwekundu wote. Hapa usibane fedha.

12 Januari 2025: Upande wa pili

Watu wakaanza kuuliza kinyume: nikitaka kusema hili kwa Kilatini? Mtumiaji anaandika "anapenda", na kitomeo kina "penda" tu. Nikaandika kikata viambishi cha Kiswahili: nafsi, wakati, mtendwa, mzizi. Kilifurahisha kwa "tutawaona" na "walimpenda", kisha mseminari akaandika "litania". Programu ikaona li-ta-nia, ikampa Kilatini cha kukusudia. Vitenzi vifupi navyo vikagoma: "atakula" lina ku isiyo ya mtendwa, na programu ilikuwa inamtafuta mtu aliyeliwa.

Dawa ni ileile ya *-que*: neno zima kwanza. "Litania" sasa ni kidahizo na linajibiwa kabla ya kukatwa. Vitenzi vya silabi moja (-la, -fa, -nywa, -ja na wenzake) vina orodha yao. Kwa vivumishi, vitomeo vinahifadhi kistari, yaani -ema, -refu, -enye, na mtumiaji akiandika "mrefu" au "ndefu" anapelekwa huko. "Ndefu" nililiandika kwa mkono, maana hakuna kanuni fupi itakayolifikisha kwenye -refu bila kuharibu mengine.

9 Februari 2025: Majina ya mimea

Fungu dogo, lenye wasomaji wengi kuliko nilivyotarajia. *Adansonia digitata*, mbuyu: yenye vidole, kwa umbo la majani. *Manihot esculenta*, muhogo: ya kuliwa. *Vigna unguiculata*, kunde: yenye kucha. Majina mengi hayamo katika Lewis na Short kwa kuwa yalibuniwa na wataalamu wa mimea baada ya Warumi kupita, hivyo yana alama yake pembeni ili asije mtu akayatafuta kwa Cicero, mwandishi wa Kirumi. Mpingo, *Dalbergia melanoxylon*, ulinisukuma kwenye hatua inayofuata, maana neno la pili ni la Kigiriki: mti mweusi.

6 Aprili 2025: Kigiriki, kwa kiasi

Kamusi nzima ya Kigiriki siiwezi. Nimechagua matini moja fupi inayotuhusu: Periplus ya Bahari ya Eritrea, mwongozo wa wafanyabiashara ulioandikwa karne ya 1 na Mgiriki wa Misri asiyejulikana jina. Sehemu zake za 15 na 16 zinashuka pwani yetu, ambayo mwandishi anaiita Azania, hadi soko la Rhapta. Anasema Rhapta limepata jina kwa vyombo vilivyoshonwa, ῥαπτὰ πλοιάρια, na kwamba kuna pembe nyingi za ndovu na magamba ya kasa. Anawataja pia manahodha Waarabu wanaotumwa kutoka Muza, bandari iliyokuwa Yemen ya leo, waliozoeana na wenyeji, wakaoleana nao na kuijua lugha yao. Ukimwonyesha kijana wa Pwani aliyewahi kusikia habari za mtepe, chombo cha kale cha kushonwa, kwamba ῥαπτός ni "iliyoshonwa", hahitaji kubembelezwa ajifunze alfabeti.

Maana nazithibitisha kwa kamusi ya Kigiriki ya Liddell, Scott na Jones, ambayo Perseus wanayo pia. Matini za zamani za kidijiti za Kigiriki huandikwa kwa Beta Code, yaani herufi za Kirumi na alama za kibodi: *lo/gos* ni λόγος. Kigeuzi nilikiandika upesi, nacho kikakosea pale ambapo wengi hukosea: sigma ya mwisho wa neno ni ς, ya katikati ni σ, na kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti. Ufunguo wa utafutaji sasa huzifanya moja.

Kosa la pili lilijificha zaidi. Alfa yenye mkazo ina nambari mbili katika Yunikodi, moja kwenye fungu la Kigiriki cha leo na nyingine kwenye fungu la Kigiriki cha kale, na kwenye skrini zinafanana kabisa. Neno lililonakiliwa kutoka tovuti moja halikulingana na lilelile kutoka nyingine. Utaratibu wa NFC, unaounganisha herufi na alama badala ya kuzitenganisha kama NFD, huzirudisha zote kwenye nambari moja, mradi uupitishe pande zote mbili. Mimi nilikuwa naupitisha upande wa mtumiaji tu.

Vitenzi bado. Kigiriki huongeza silabi mbele kwa wakati uliopita, na kikata viambishi changu kinakata nyuma. Kwa sasa kila umbo lililomo katika sehemu hizo mbili limeandikwa kwa mkono na kuunganishwa na kidahizo chake.

15 Juni 2025: Hesabu, na faili la kuchukua

Fedha zilizotoka: jina la tovuti kwa miaka miwili, 50,000. Mtambo wa kutafsiri, 48,000. Seva kabla ya kuhama, 90,000. Misemo ya sheria, 150,000. Padri alikataa malipo, nikawa namtumia bando, jumla 40,000. Zote ni shilingi 378,000. Muda sijauhesabu.

Vitomeo vya Kilatini vimepita 3,000, na maneno 1,000 ya kwanza yamepitiwa na watu wawili tofauti. Yaliyobaki yana nyota hadi yapitiwe. Wajaribu wa Kongo wameomba maneno ya Kiswahili chao yakubaliwe kwenye utafutaji, mfano "buku" kwa kitabu. Jedwali limefunguliwa na wanalijaza wenyewe.

Anayetaka kufanya kamusi kama hii kwa Kige'ez, Kikopti au lugha nyingine achukue mafaili matatu: kanuni za tahajia, kikata viambishi na mpangilio wa majibu. La vitomeo aandike lake. Safu zake ni kidahizo, shina, kundi, maana, mfano, chanzo, na jina la aliyepitia. Safu ya mwisho isiachwe wazi hata kama aliyepitia ni wewe mwenyewe, kwa sababu mtumiaji wa kwanza atakayekuta kosa atauliza ni nani aliyelipitisha.